Tani za gesi bila kasi ya upepo ni nusu ya habari

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie namna magazeti yetu yanavyoripoti gesi za volkano. Mlima ukianza kufuka kuliko ilivyozoeleka, habari huja na namba: umetoa tani kadhaa za salfa dayoksaidi kwa siku. Kesho yake msomaji huambiwa kiwango kimepanda, keshokutwa kimeshuka, na watu wanaoishi chini ya mlima huamua kufungasha au kubaki kwa kusoma namba hiyo. Inaandikwa kana kwamba kuna mtu aliyepeleka mizani kwenye kreta, yaani mdomo wa volkano. Mizani hiyo haipo. Tani kwa siku ni jibu la hesabu ya kuzidisha, na moja ya namba zinazozidishwa ni kasi ya upepo. Upepo ukikosewa, tani zimekosewa kwa kiwango kilekile. Sisi tunaoshika vifaa hivi tunaomba kila namba ya tani ichapwe pamoja na upepo uliotumika, saa ya kupima, idadi ya vipimo na kosa lake. Sababu zitaonekana tukiifuata namba yenyewe kutoka kreta hadi gazetini.

Kwanza, kile kinachoonekana kikipanda si moshi. Sehemu kubwa ni mvuke wa maji uliokutana na baridi ukawa matone, sawa na unaotoka kwenye sufuria. Ndani yake mna hewa ukaa, salfa dayoksaidi (SO2), haidrojeni salfaidi (H2S) yenye harufu ya yai viza, na gesi kali za klorini na florini. Inayopimwa kutoka mbali karibu siku zote ni SO2, na haikuchaguliwa kwa wingi wake. Ilichaguliwa kwa kuwa hewa safi haina SO2 ya kutajika, wakati hewa ukaa imo tayari kwa zaidi ya sehemu 420 kwa milioni na mvuke wa maji umejaa kila mahali. Kutafuta hewa ukaa ya volkano ukiwa kilomita tano kutoka kreta ni sawa na kutafuta kijiko cha chumvi kilichomwagwa baharini. Zaidi ya hapo, SO2 hunyonya mionzi ya urujuanimno kati ya nanomita 300 na 320 kwa mpangilio wa vilele na mabonde usiofanana na wa gesi nyingine, kama alama ya kidole gumba.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 alama hiyo ilisomwa kwa COSPEC, kifaa kilichobuniwa Kanada kupimia uchafuzi wa viwandani, chenye uzito wa kilo 20 hivi. Kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni, nafasi yake imechukuliwa na spektromita, kifaa kinachochambua mwanga kwa urefu wa mawimbi yake, inayoenea kiganjani, inayopata umeme wake kwenye kompyuta mpakato kupitia waya wa USB. Darubini ndogo huelekezwa juu wima kutoka kwenye gari, uzi wa kioo hupeleka mwanga wa anga kwenye spektromita, GPS huandika gari lilipo kila sekunde, na dereva huvuka chini ya wingu la gesi kwa mwendo usiobadilika wa kilomita 30 hadi 40 kwa saa. Gari huanza nje ya gesi upande mmoja na kumalizia nje ya gesi upande wa pili.

Kabla gari halijaondoka, darubini hufunikwa kitambaa cheusi ili kifaa kisome giza, maana kihisi huandika umeme kidogo hata pasipo mwanga, na kiasi hicho hubadilika na joto. Kisha hufunuliwa mahali anga lilipo safi, kusoma mwanga wa rejea. Kila usomaji unaofuata hutolewa giza, hugawanywa kwa rejea, na programu hulinganisha kilichobaki na umbo la SO2 lililopimwa maabara, huku ikiipa nafasi yake ozoni, inayonyonya mwanga katika eneo lilelile. Muda wa kuacha mwanga uingie ni milisekunde 100 hadi 500. Ukiwa mfupi mno, urujuanimno, ambao ni haba tangu hapo, huzama kwenye kelele za kifaa. Ukiwa mrefu mno, wingu jeupe likipita juu mwanga huongezeka ghafla, kihisi hushiba, na usomaji huo ni wa kutupa.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni rejea kuchukuliwa ndani ya gesi hafifu isiyoonekana kwa macho. Hapo kifaa huiita gesi hiyo sifuri, na kila kinachofuata huonekana kidogo kuliko kilivyo. Dalili yake ni rahisi: gari likitoka upande wa pili, mstari kwenye skrini haurudi palepale ulipoanzia, au unazama chini ya sifuri. SO2 haiwezi kuwa pungufu ya sifuri. Mpito wa namna hiyo hurudiwa. Haurekebishwi mezani kwa kukisia.

Kosa la pili ni joto. Spektromita iliyoachwa kwenye dashibodi juani hupanuka, na mizani yake ya mawimbi huhama kwa sehemu ndogo ya nanomita. Inatosha kuufanya mpangilio wa vilele na mabonde usilingane na ule wa maabara. Tiba yake ni taa ya zebaki, ambayo mistari yake ya nanomita 302.15 na 313.16 haihami kamwe. Huwashwa asubuhi, mchana na jioni, na kifaa chenyewe hukaa ndani ya sanduku lenye sponji lisilopigwa na jua.

Halafu kuna saa. Jua likiwa chini, ozoni ya angani humeza karibu urujuanimno wote kabla haujatufikia, kwa hiyo kazi ya maana hufanyika kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Usiku njia hii haipimi kitu. Tafadhali mwandishi akumbuke hilo anapoandika maneno “kwa siku”: hakuna aliyepima siku nzima. Kilichopimwa ni dakika kumi za kuvuka, kisha sekunde moja ya wastani ikazidishwa kwa 86,400.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua wingu la gesi lenye upana wa mita 2,000, na spektromita imetoa wastani wa ppm-mita 200. Kipimo hiki cha ppm-mita huwachanganya wengi: ni ukolezi wa gesi (ppm, yaani sehemu kwa milioni) uliozidishwa kwa unene wa wingu, kwa sababu darubini inatazama nguzo nzima ya hewa iliyo juu yake na haiwezi kutofautisha gesi nzito katika tabaka jembamba na gesi nyepesi katika tabaka nene. ppm-mita moja ya SO2 ni miligramu 2.66 kwa mita ya mraba. Basi juu ya kila mita ya mraba kuna miligramu 532, na ukizidisha kwa upana wa mita 2,000 unapata kilo 1.06 katika kila mita moja ya urefu wa wingu. Hapo ndipo elimu ya spektromita inapoishia. Imekata kipande cha wingu kama mkate na kukijua uzito wake, lakini haijui kama kipande hicho kinakimbia au kimesimama.

Upepo wa mita 8 kwa sekunde unafanya kilo 8.5 kwa sekunde, sawa na tani 735 kwa siku. Upepo wa mita 5 unafanya tani 460. Upepo wa mita 12 unafanya tani 1,100. Gesi ni ileile, gari ni lilelile, na usomaji haujaguswa. Kichwa cha habari kinachosema volkano imeongeza gesi zaidi ya maradufu kinaweza kuwa kimetokana na mtu aliyetumia upepo wa jana kwenye kipimo cha leo.

Na upepo unaohitajika ni wa kule juu, kwenye urefu ambao gesi inasafiria. Kreta ya Nyiragongo iko karibu mita 3,470 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Goma uko mita 1,500 hivi. Kipima upepo kilichosimikwa mjini, tena kwenye mlingoti wa mita 10, kinaeleza upepo wa mjini. Wengine huchukua upepo wa mifano ya kompyuta ya hali ya hewa katika kimo cha kreta, na mara nyingi hiyo ni bora kuliko kipima upepo cha bondeni, ila mifano hiyo hugawa dunia katika miraba ya kilomita nyingi na haioni namna mlima mmoja unavyoupinda upepo.

Njia tunayoiamini zaidi ni darubini mbili. Gari husimama katikati chini ya wingu. Darubini moja inatazama juu wima, ya pili imeinamishwa nyuzi 30 kuelekea kreta. Gesi haitoki kwa usawa; inatoka kwa mafundo. Fundo likipita mbele ya darubini iliyoinama, baada ya muda litapita juu ya ile iliyo wima, na ukiziweka chati mbili pamoja utaona kilima kilekile cha mchoro kimejirudia mara mbili, cha pili kimechelewa. Kama wingu liko mita 1,000 juu ya gari, umbali kati ya sehemu mbili zinazotazamwa ni mita 577. Mchelewo wa sekunde 72 ni kasi ya mita 8 kwa sekunde. Lakini angalia: kimo cha wingu kikikosewa kwa asilimia 20, kasi nayo imekosewa kwa asilimia 20. Kwa hiyo kimo kinahitaji kipimo chake, kwa kupiga pembe kutoka vituo viwili au kwa picha yenye kilele cha urefu unaojulikana. Macho hayatoshi. Wingu linaloonekana limelala juu ya kilele huwa limepanda zaidi ya tunavyodhani.

Barabara nayo ina lake. Ni nadra ikalikata wingu mraba. Ikilikata kwa pembe ya nyuzi 60, upana halisi ni asilimia 87 tu ya kilomita zilizoendeshwa, na asiyerekebisha amejiongezea asilimia 15 za gesi ambayo haipo.

Mahali pasipo barabara huwekwa vituo vya kudumu ambavyo darubini yake huzunguka kutoka upeo hadi upeo kwa hatua 50 hivi, ikimaliza mzunguko kwa dakika chache tu. Mtandao wa NOVAC, ulioanza mwaka 2005, umesimika vituo vya namna hii kwenye volkano nyingi, Nyiragongo ikiwemo. Faida ni wingi wa vipimo tangu asubuhi hadi jioni. Hasara ni kwamba kituo hakitembei: kinahitaji kimo cha wingu hata kuupata upana wenyewe, na upepo ukigeuka gesi huenda upande mwingine. Siku hiyo kituo kinaandika sifuri. Sifuri hiyo imewahi kusomwa na watu kama habari njema.

Kamera za urujuanimno hupiga picha kupitia vichujio viwili, kimoja cha nanomita 310 ambako SO2 inanyonya, kingine cha 330 ambako hainyonyi sana, karibu kila sekunde. Kwa hizo kasi ya wingu huonekana kwenye picha zenyewe, na hilo ni jambo zuri mno. Ila kamera hukaa mbali, na umbali una gharama. Kati ya kamera na wingu kuna hewa, na hewa hutawanya urujuanimno, ikiingiza kwenye lenzi mwanga ambao haukupita kwenye gesi kabisa. Kwa kilomita 5 au zaidi, hasa penye vumbi au ukungu, kipimo kinaweza kupungua hadi nusu. Kila tukisogea mbali kwa usalama wetu, mlima unaonekana mpole kuliko ulivyo. Kasoro hii haionekani kwenye skrini. Picha huwa safi na chati hunyooka. Ndiyo maana tunasisitiza umbali nao uandikwe.

Hayo yote ni SO2 peke yake. Ili kujua hewa ukaa ni lazima mtu, kituo au droni ifike ndani ya gesi yenyewe ukingoni mwa kreta, na kifaa chake ni MultiGAS: sanduku lenye pampu inayovuta hewa lita moja hivi kwa dakika, kihisi cha infraredi cha hewa ukaa, vihisi vya kikemia vya SO2 na H2S, na vipimo vya joto, unyevu na shinikizo. Kinaandika kila sekunde. Hewa ukaa ikipanda kutoka ppm 420 hadi 450 wakati SO2 imepanda kutoka sifuri hadi 10, ongezeko ni 30 kwa 10, na uwiano ni 3. Uwiano huo huzidishwa na tani za SO2 zilizopimwa na gari siku hiyohiyo. Hapa wengi huteleza: uwiano wa 3 ni wa molekuli, si wa uzito. Molekuli ya hewa ukaa ina uzito wa 44, ya SO2 ina 64, kwa hiyo kwa uzito ni 2.06. Tani 735 za SO2 zinaambatana na tani 1,500 hivi za hewa ukaa, wala si 2,200. Na lile kosa la upepo linahamia huku pia, zima zima.

Turuhusu tukae kidogo kwenye sanduku hili, maana ndilo linaloleta dalili za mapema kuliko vyombo vingine vya gesi. Hewa ukaa hutoka kwenye magma ikiwa bado chini sana, SO2 hutoka magma ikikaribia juu. Uwiano kati yake ukipanda, huenda magma mpya imeingia kina kirefu; hali hiyo imeonekana Etna na Stromboli, volkano za Italia, kabla ya milipuko. Kwa hiyo uwiano uliopanda ni habari nzito, na ni lazima uwe wa kweli. Sasa tazama kinachoweza kuupandisha kwa uongo. Mrija wa kuvutia hewa ukipoa, mvuke hugeuka matone ndani yake. Tone moja likikaa kwenye kichujio, SO2 huyeyuka ndani ya maji hayo na hewa ukaa hupita karibu yote. Uwiano unapanda saa baada ya saa, taratibu, kwa namna inayovutia kabisa, na mlima haujafanya lolote. Kwa sababu hiyo kichujio kiwe cha teflon cha mikromita 1, kibadilishwe kikilowa, mrija uwe mfupi wenye mdomo unaotazama chini, na gesi sanifu ya ukolezi unaojulikana ipitishwe kabla ya kupima na baada ya kurudi. Kipimo cha baada ndicho kinachosahauliwa, nacho ndicho kinachotoboa siri ya kichujio.

Kihisi cha hewa ukaa hujibu ndani ya sekunde chache. Cha SO2 huchukua hata nusu dakika. Fundo la gesi likipita, hewa ukaa inapanda kwanza, SO2 inafuata ikijikokota. Ukichora moja dhidi ya nyingine, nukta hazipangiki kwenye mstari, zinachora kitanzi. Kitanzi kinamaanisha muda wa vihisi haujalinganishwa, na uwiano wowote uliochorwa katikati yake ni wa kubahatisha. Kihisi cha H2S nacho huihisi SO2: kama kinaihisi kwa asilimia 15, SO2 ya 10 itaandikwa kama H2S ya 1.5 ambayo haipo. Hutolewa kwenye hesabu baada ya kukipitishia SO2 tupu maabara. Shinikizo nalo: kwenye kimo cha Nyiragongo hewa ina karibu theluthi mbili tu ya shinikizo la pwani, na kihisi cha infraredi, kinachohesabu molekuli zilizo mbele yake, kitasoma pungufu kama hakijaambiwa hivyo. Na pumzi ya mpimaji mwenyewe ina hewa ukaa mara mia moja kuliko hewa ya kawaida. Asimame upande ambao upepo unaelekea, mdomo wa mrija ukiwa mbele yake.

Penye matundu ya mvuke yanayofikika, kipimo kamili kuliko vyote bado ni chupa, kwa mtindo ambao mwanakemia Werner Giggenbach aliuchapisha mwaka 1975. Chupa ya kioo iliyotolewa hewa huwa na maji yaliyoyeyushiwa sodiamu haidroksaidi kwa ukolezi wa molari 4. Bomba la titani huchomekwa tunduni, gesi za asidi huyeyuka kwenye maji hayo, na zile zisizoyeyuka kama haidrojeni, naitrojeni na heliamu hubaki juu. Bomba liachwe lipate moto kwanza na literemke kuelekea chupa, la sivyo maji yaliyotuama njiani yanabaki nje ya hesabu. Oksijeni ikionekana maabara, hewa ya nje imeingia na sampuli inatiliwa shaka.

Kuhusu maana ya namba kushuka, tunaomba uangalifu mkubwa zaidi kuliko mahali pengine popote. Pinatubo, Ufilipino, mwaka 1991, SO2 ilipanda kutoka tani 500 hivi kwa siku tarehe 13 Mei hadi zaidi ya 5,000 tarehe 28 Mei. Kisha ikashuka, na kufikia tarehe 5 Juni haikufika 300. Siku kumi baadaye mlima ulilipuka kwa mmoja wa milipuko mikubwa ya karne ya 20, ukarusha takriban tani milioni 15 hadi 20 za SO2 kwenye anga la juu. Gesi ilikuwa haijaisha. Njia ilikuwa imeziba. Galeras, Kolombia, tarehe 14 Januari 1993, watu tisa walikufa kreteni mlima ulipolipuka, sita kati yao wanasayansi, katika kipindi ambacho kipimo cha SO2 kilikuwa chini. Namna nyingine ya kudanganywa ni maji ya ardhini: SO2 inayopanda ikikutana nayo huyeyuka humo, na kinachotokea juu ni hewa ukaa na H2S. Mlima ulioanza kupata joto unaweza kuonyesha SO2 sifuri hadi maji hayo yakauke. Ol Doinyo Lengai nayo hutoa SO2 kidogo mno ukilinganisha na hewa ukaa yake, kwa hiyo kifaa cha urujuanimno hakifai kuwa shahidi pekee huko.

Jambo jingine linalochanganywa ni gesi ya kreta na gesi inayoua bondeni. Wakazi wa Goma na kandokando ya Ziwa Kivu wana neno lao, mazuku: mabonde na mashimo ambamo hewa ukaa hutuama, kwa kuwa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Haina harufu wala rangi, na inatoka ardhini, haitoki kwenye wingu la kileleni. SO2 ikishuka kutoka tani 5,000 hadi 500, mazuku hayajapungua kwa sababu hiyo. Barakoa yenye kichujio cha gesi za asidi haisaidii humo hata kidogo, kwani haizuii hewa ukaa na haitengenezi oksijeni. Vivyo hivyo, tani kwa siku si kipimo cha hewa anayovuta mtoto kijijini. Hicho hupimwa kwa mikrogramu kwa mita ya ujazo, mahali alipo mtoto. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliweka mwongozo wa SO2 wa mikrogramu 40 kwa wastani wa saa 24. Namba hizi mbili zisiwekwe kwenye sentensi moja kana kwamba moja inaeleza nyingine.

Picha za setilaiti zinapendeza gazetini, na tunazitumia pia. Chombo cha TROPOMI, kilichorushwa Oktoba 2017, hupita karibu saa 7:30 mchana mara moja kwa siku, na kila nukta yake ni kilomita 5.5 kwa 3.5. Kinachoonyesha ni SO2 iliyomo angani dakika hiyo. Ili kupata tani kwa siku, upepo na kimo cha wingu vinarudi palepale, na gesi iliyo chini ya mawingu ya mvua haionekani.

Tukirudi kwenye mfano wetu, hata sisi tungekosea kukupa “tani 735”. Tarakimu ya mwisho haina msingi wowote. Kwa upepo wenye kosa la robo, ukweli uko mahali kati ya 550 na 900. Habari hiyo ingeweza kuandikwa hivi: “Jumanne kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, gari la vipimo lilivuka mara sita chini ya wingu la gesi, kilomita 8 kutoka kreta. SO2 ilikuwa tani 550 hadi 900 kwa siku, kwa upepo wa mita 8 kwa sekunde uliopimwa kwa darubini mbili. Hewa ukaa haikupimwa. Wiki iliyopita upepo ulichukuliwa kwenye mfano wa hali ya hewa, hivyo vipimo viwili visilinganishwe moja kwa moja.” Sentensi nne. Zinaenea kwenye safu moja bila kupunguza picha, na mtumaji wa taarifa akikosa mojawapo ya hizo, mwandishi ana haki ya kumpigia simu na kumuuliza upepo ulikuwa kiasi gani na nani aliupima.

Ni sisi,
Wapimaji wa gesi za volkano